Je, Kumkagua Mtu Mwaminifu ni Kumdharau?

Swali tutakalolitazama mwezi huu lilizaliwa chini ya mwembe, hapa Didia, siku ya kugawana akiba. Kikundi kimoja cha akina mama na wazee kilikuwa kimemaliza mwaka wake wa kuweka na kukopeshana. Sanduku lililetwa, kufuli zake tatu zikafunguliwa kwa funguo tatu zilizokaa katika nyumba tatu, kama ilivyo desturi ya vikundi vya namna hiyo, na fedha zikamiminwa juu ya mkeka. Sisi tuliitwa tuwe shahidi, kwa kuwa watu hudhani kwamba mwalimu ajua hesabu na hana upendeleo. Mweka hazina alikuwa rafiki yetu wa siku nyingi, mtu wa sala, ambaye hatujapata kusikia akisemwa vibaya na mtu yeyote. Alitufunulia daftari mahali pa kutia sahihi; nasi, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kupanda na tulikuwa na safari ya kwenda Shinyanga mjini, tukatia sahihi.

Ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma, mtoto mgongoni, akauliza kwa upole, "Mwalimu, umehesabu mwenyewe?"

Hatukuwa tumehesabu. Watu wote walinyamaza. Mweka hazina akakunja uso akasema, "Mayu, basi mimi ni mwizi?" Mama yule akajibu, "Sikusema hivyo, baba. Nimemwuliza Mwalimu." Nasi, badala ya kulijibu swali lililoulizwa, tulicheka kidogo, tukasema kwamba mambo yote ni sawa, na fedha zikagawanywa. Hakuna aliyelalamika siku ile. Walakini neno la yule mama lilikwenda nasi njia nzima, wala halikutuacha tulipofika.

Maana ndani ya neno lile mna swali kubwa. Mtu akiwa mwaminifu, nasi twajua kuwa ni mwaminifu, je, kumwambia "lete daftari tuhesabu" ni kumvunjia heshima? Na sisi tulioweka majina yetu mazuri juu ya hesabu ambazo hatukuziona, je, tulifanya tendo la upendo, au tulifanya tendo la uvivu tukalivika nguo ya upendo? Swali hili si la vikundi vya kijijini tu. Kwa ajili yake benki zimeanguka, na fedha za maskini zimepotea. Basi tuanze na mambo yaliyotukia katika nchi yetu wenyewe.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki 5 kwa siku moja. Nazo ni Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, Benki ya Wananchi Meru, Benki ya Efatha, na Benki ya Wanawake ya Covenant. Miezi michache kabla yake, Mei 2017, Benki ya Wananchi Mbinga ilikuwa imekwisha kufungwa vivyo hivyo. Tazameni majina hayo. Njombe, Kagera, Meru, Mbinga: si majina ya matajiri wa mbali, bali ni ya nchi za wakulima. Benki hizo ziliundwa karibu na watu ili mkulima mdogo apate mahali pa kuweka na pa kukopa. Siku ile waliofika mlangoni waliukuta umefungwa. Bodi ya Bima ya Amana iliwekwa kuwa mfilisi, na kwa sheria ya wakati ule kila mweka amana aliahidiwa bima isiyozidi shilingi 1,500,000; aliyekuwa na zaidi ya hapo alitakiwa kungoja hata mali ya benki ikusanywe na madeni yake yadaiwe.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa moja: benki hizo hazikuwa na mtaji wa kutosha kama sheria itakavyo. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyeiba; hilo halikuwa neno la tangazo lile. Lakini yafaa tueleze maana ya mtaji, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba benki ni sanduku kubwa, na kwamba sanduku haliwezi kuwa tupu ila likivunjwa na mwizi.

Benki si sanduku. Fedha uliyoiweka leo haikai pale. Yatoka kesho kwenda kwa mtu aliyekopa ili anunue mbolea au bati. Chukua mfano. Watu wameweka amana za shilingi 100, na wenye benki wametia fedha yao wenyewe shilingi 20. Jumla ni 120. Katika hizo, 90 zimekopeshwa na 30 zimebaki. Mvua isiponyesha, wakopaji wakashindwa kulipa 15, hasara hiyo hawapati waweka amana kwanza. Hupata wenye benki, na ile 20 yao yashuka kuwa 5. Huo ndio mtaji: ni ukuta wa mbele, upigwao na hasara kabla ya ukuta wa maskini. Lakini kama zisizolipwa ni 25, ukuta wa mbele umekwisha kabisa, na shilingi 5 za waweka amana nazo zimekwenda. Na haya yote hutokea bila mlango kuvunjwa. Karani angali amevaa shati safi, saa ya ukutani yapiga, watu waingia na kutoka. Kufilisika kwa benki hakuonekani njiani. Huonekana katika daftari tu, tena kwa yule alifunguaye.

Kwa hiyo wazee wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sikilizeni vizuri maneno hayo ya mwisho. Hawakusema kwamba hupotea kwa kelele. Walisema kwamba hupotea bila habari.

Kama hasara hufichika hata mahali ambapo hakuna aliyetajwa kuwa mwizi, hufichikaje mahali ambapo mtu mmoja anaificha kwa kusudi? Kwa hili tutakwenda mbali kidogo, katika mji mdogo wa Uingereza wa karne ya 19, kwa maana habari zake zafanana sana na za mkeka wetu chini ya mwembe.

Mwaka 1810 mchungaji mmoja wa Uskoti, jina lake Henry Duncan, alianzisha benki ya akiba katika parokia yake ya Ruthwell. Benki za siku zile hazikumtaka maskini. Zilitaka pauni nyingi kwa mara moja. Duncan alipokea senti chache za mtumishi na za kibarua, akaziandika. Na fedha aliziweka katika sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, ili asiweze mtu mmoja kulifungua peke yake. Yeye alikuwa mchungaji, mwenye kupendwa na watu wake. Hata hivyo hakuona haya kujifungia mkono wake mwenyewe. Mfano wake ulienea upesi, na katika miji mingi zikazaliwa benki za akiba za namna ile. Kila benki ilikuwa na wadhamini, watu wakubwa wa mji, mapadri na wenye mashamba na wenye viwanda, ambao hawakulipwa mshahara. Kazi yao ilikuwa kulinda. Maskini alipoyaona majina yao alisema moyoni, "Kama bwana huyu yumo, fedha yangu haiwezi kupotea."

Mji wa Rochdale, karibu na Manchester, ulikuwa mji wa wafumaji wa nguo za sufu na pamba. Nao ulikuwa na benki yake ya akiba, yenye wadhamini wa kuheshimiwa. Mwandishi mkuu wa benki hiyo alikuwa George Haworth, mtu wa dini, aliyeaminiwa na wote. Mwishoni mwa mwaka 1849 Haworth alifariki. Vitabu vilipochunguzwa ikaonekana kwamba pauni 71,715 hazipo. Nazo zilikuwa zaidi ya nusu ya fedha zote ambazo benki ilipaswa kuwa nazo kwa ajili ya watu wake. Haworth alikuwa amezipokea fedha, akaziandika katika vitabu vidogo walivyokwenda navyo watu nyumbani, lakini hakuziandika zote katika daftari kuu la benki. Akazitumia katika biashara zake mwenyewe. Mwenye kitabu kidogo alipokitazama aliona fedha yake. Wadhamini walipotazama daftari kuu waliona hesabu zinalingana. Hapakuwa na mtu aliyeviweka vitabu viwili mezani pamoja akavilinganisha. Ulaghai wote ulikaa katika nafasi hiyo ndogo, kati ya kitabu cha maskini na daftari la wakubwa.

Na watu walipodai, waligonga kuta mbili. Serikali ilisema kwamba yenyewe huwajibika kwa fedha zilizoifikia tu, na hizi hazikuifikia. Wadhamini nao walikuwa wamekingwa na sheria ya mwaka 1844, iliyosema kwamba mdhamini hatalipa upungufu ila akiwa amekubali kwa maandishi kuwajibika. Basi wafumaji na watumishi na wajane wa Rochdale hawakurudishiwa zote walizoweka.

Tuulize sasa: ni nani aliyekosa? Haworth ndiye wa kwanza, wala hatutampunguzia. Lakini Haworth peke yake asingaliweza. Maskini wale hawakumpa fedha zao kwa sababu walikuwa wamezichungua hesabu zake. Wengi hawakuwa na elimu hiyo. Walimpa kwa sababu ya majina ya wadhamini. Jina jema la mtu mwenye heshima ndilo lililokuwa mlango wa benki. Wadhamini hawakuiba hata senti moja. Walichofanya ni kuazima majina yao kwa kitu ambacho hawakukitazama. Sheria iliwaachilia. Je, dhamiri nayo yawaachilia?

Sisi twaona kwamba haiwaachilii. Jina jema si mapambo ya mwenye jina. Ni amana ambayo watu wameiweka kwake. Mtu akisema, "Namwamini fulani," maana yake ni kwamba ameacha kutazama kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa ategemea macho ya fulani. Basi fulani naye asipotazama, hapo hapana mtu atazamaye kabisa. Na kila mmoja adhani kwamba mwenzake yu macho. Mlinzi asinziaye mlangoni ana hatari kuliko mlango usio na mlinzi, kwa maana mlango usio na mlinzi watu huufunga kwa komeo, lakini penye mlinzi watu hulala. Hivyo mtu mwema asiyehesabu aweza kuleta hasara kubwa kuliko mtu mbaya anayejulikana, kwa sababu mtu mbaya hakuna ampaye fedha.

Hapa twasikia sauti ya msomaji asemaye, "Mwalimu, maneno yako yataharibu vijiji. Upendo hauwezi kukaa mahali pa kuhesabiana kila siku. Nyumba ambayo mume na mke huhesabiana chumvi si nyumba tena." Tena msomaji huyo aweza kutuonyesha Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, habari ya mfalme Yoashi na matengenezo ya hekalu. Pale imeandikwa kwamba wale waliopewa fedha za kuwalipa mafundi hawakutakiwa kutoa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Basi, si hili jibu la swali letu?

Hoja hii ni ya nguvu, wala hatutaki kuipita kwa haraka. Lakini tusome habari yote, tusisome mstari mmoja tu. Kwanza, kwa nini palikuwa na matengenezo ya namna ile? Kwa sababu kabla yake fedha zilikuwa zikipokewa na makuhani, kila mtu kwa watu aliowajua, bila mpango. Hata mwaka wa 23 wa mfalme huyo mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Hawakutajwa kuwa wezi. Kazi haikufanyika tu. Pili, kuhani Yehoyada alifanya nini? Alitwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Tatu, fedha zilipokuwa nyingi hazikufunguliwa na mtu mmoja: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu pamoja, ndipo zikatolewa. Kumbe uaminifu ule wa wasimamizi wa kazi ulikuja baada ya kasha, baada ya tundu, baada ya watu wawili kuhesabu. Walioaminiwa bila hesabu waliaminiwa katika sehemu ya mwisho ya njia ambayo mwanzo wake ulikuwa umelindwa. Tukiuchukua mwisho tukaacha mwanzo, tutakuwa tumejenga dari bila nguzo.

Na kuhusu nyumba ya mume na mke, msomaji amesema kweli. Chumvi ya nyumbani haihesabiwi, kwa sababu ni yao wawili. Lakini fedha ya kikundi, ya kanisa, ya ushirika, ya benki, si ya mweka hazina wala si ya mkaguzi. Mimi naweza kumsamehe rafiki yangu shilingi zangu bila kuzihesabu. Hilo ni pendo. Siwezi kumsamehe shilingi za mjane. Hilo si pendo, ni ukarimu wa mfuko wa mwingine. Tofauti hii ikieleweka, sehemu kubwa ya swali letu imejibiwa.

Bali imebaki ile aibu. Mweka hazina alikunja uso, akauliza kama yeye ni mwizi. Je, haikuwa dharau? Hapa tuwaulize babu zetu, ambao hawakuwa na benki, lakini walikuwa na amana. Mfugaji wa Kisukuma hakuweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Aliwagawa, wengine akawaweka kwa rafiki wa nchi nyingine, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, wabaki wa kule. Rafiki aliyewatunza alikunywa maziwa yao, akatumia samadi yao. Ng'ombe wenyewe na ndama wao walibaki wa mwenyewe. Je, mwenye ng'ombe alikaa kimya miaka yote? La. Alikwenda kutembea, akala, akanywa, na jioni ng'ombe waliporudi alisimama mlangoni mwa boma akawatazama mmoja mmoja. Mwenyeji hakukasirika. Na ng'ombe alipokufa, mtunzaji mwenye adabu hakusema neno la mdomo tu; alionyesha ngozi. Ile ngozi haikuwa alama ya kushukiwa. Ilikuwa heshima ya mtunzaji, kwa kuwa ilimwondolea maneno. Urafiki ulidumu hata kwa watoto kwa sababu hapakuwa na ng'ombe aliyekufa bila ngozi.

Kwa hiyo si kweli kwamba ukaguzi ni desturi ya kigeni iliyokuja kuharibu upendo wetu. Ulikuwapo. Lakini yatupasa tukiri jambo moja la kutuumiza. Katika nchi yetu ya Ziwa, kabla ya Uhuru, wakulima wa pamba walijua kwamba mizani ya wanunuzi yaweza kuwapunja. Wakati wa miaka ya 1950 kuanza, walitaka wawe na wapimaji wao wenyewe, wasimame penye mizani wakatazame. Katika juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Walishinda; mizani ikawa yao. Lakini mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika vya nchi nzima, kwa kuwa malalamiko ya wakulima yalikuwa mengi. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa na tume ile, moja ilikuwa hii: wanachama hawakuvielewa vyema vyama vyao, na hivyo hawakuweza kuwasimamia viongozi waliowachagua.

Tulipokuwa na mizani ya mgeni tulisimama na kutazama. Mizani ilipokuwa yetu, wengi wetu tulikwenda nyumbani. Tulidhani kwamba kumtazama mgeni ni akili, na kumtazama ndugu ni dharau. Lakini pamba ni pamba, na kilo ni kilo, akipima mgeni au akipima ndugu. Tena ndugu ndiye mwenye haja zaidi ya kutazamwa, kwa maana majaribu yake ni makubwa kuliko ya mgeni: yeye ana watoto wa ada, ana msiba wa mjomba, ana watu mia wamwitao ndugu, na fedha ya wote yalala chini ya kitanda chake. Kumwacha peke yake na fedha hiyo mwaka mzima bila jicho la mtu si kumheshimu. Ni kumtwika mzigo ambao hata sisi tusingependa kuubeba. Hatujui Haworth alianza na pauni ngapi. Lakini twajua kwamba pauni 71,715 hazitoki kwa siku moja. Mtu aliyehesabiwa mapema angeweza kuonywa mapema.

Walakini tusiwatwike wote mzigo sawa. Wako wasemao, benki ikianguka, kwamba makosa ni ya waweka amana wenyewe, kwa nini hawakuuliza? Neno hili ni gumu, nasi hatulikubali. Mjane wa Njombe hawezi kuyapima madeni ya benki. Mfumaji wa Rochdale asingaliweza kulifungua daftari kuu. Aliyepewa elimu na nafasi ya kutazama ndiye atakayeulizwa kwanza. Haki ya mdogo ni kuuliza. Wajibu wa mkubwa ni kuwa na jibu. Na mkubwa amchekaye mdogo aulizaye, kama tulivyofanya sisi chini ya mwembe, amefanya kosa mara mbili: hakutazama, tena amemzuia mwenye kutazama.

Waingereza walijifunza kwa hasara. Mwaka 1861 walianzisha benki ya akiba ya posta, ambayo Serikali yenyewe iliwajibika kwa kila senti. Na mwaka 1925 benki ya akiba ya namna hiyo ilianzishwa katika posta za Tanganyika, ambayo ndiyo asili ya Benki ya Posta ya Tanzania, iliyoitwa Benki ya Biashara ya Tanzania tangu mwaka 2021. Na sheria yao ya mwaka 1863 kwa benki za akiba za wadhamini iliamuru mambo mawili: kwamba fedha zisipokewe wala kutolewa na mtu mmoja peke yake, bali wawepo watu wawili, na kwamba kila kitabu kidogo kiletwe walau mara moja kwa mwaka, kilinganishwe na daftari kuu. Miaka 53 baada ya sanduku la Ruthwell, sheria ilirudia yale ambayo mchungaji alikuwa ameyafanya kwa kufuli zake. Na pale pale Rochdale lilikuwapo duka la ushirika, lililofunguliwa tarehe 21 Desemba 1844 na chama cha watu 28, ambalo hesabu zake zilisomwa mbele ya wanachama wote kila miezi mitatu. Mwaka 1848 wanachama walikuwa wapata 140. Mwaka 1850 walikuwa 600. Kuanguka kwa benki ilikuwa sababu moja ya ongezeko hilo. Watu waliochomwa na benki hawakuacha kuaminiana. Walitafuta mahali ambapo kuaminiana na kuhesabu hukaa nyumba moja.

Turudi Didia. Mwaka uliofuata tuliitwa tena. Tulimwomba radhi yule mama mbele ya watu, tukaketi mkekani, tukahesabu wenyewe, kitabu kwa kitabu, pamoja na mweka hazina na wenye funguo. Ilichukua muda hata adhuhuri. Tulikuta upungufu wa shilingi 18,000. Mweka hazina alitoa jasho, na wengine walianza kutazamana. Tukarudia tena. Ndipo tukaona kwamba mchango wa mtu mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, katika kurasa mbili. Fedha haikupungua, ila iliandikwa zaidi. Rafiki yetu alishika mkono wetu asiuachie kwa muda. Akasema kwamba kama kosa lile lingaligunduliwa na mtu mwingine baada ya kugawana, angaliitwa mwizi maisha yake yote, wala hangekuwa na namna ya kujitetea. Sahihi yetu ya mwaka wa kwanza isingalimsaidia kitu, maana ilikuwa wino tu.

Basi, wasomaji, wengi wenu mtaombwa kuwa wadhamini, washahidi, waweka hazina, wajumbe wa kamati, kwa sababu mwajua kusoma na jina lenu ni jema. Msikatae. Lakini mkikubali, toeni macho yenu, msitoe jina peke yake. Na kama hamna nafasi ya kutazama, semeni wazi kwamba hamna, ili watu watafute mwingine. Ninyi mshikao fedha za watu, msingoje kuombwa daftari. Lifungueni kabla ya kuombwa, kama mtunzaji aliyeleta ngozi. Na ninyi mketio nyuma, mtoto mgongoni, ambao hamkusoma hesabu nyingi, ulizeni. Mkijibiwa kwa kicheko, ulizeni tena.